Hati ya makabidhiano isiwe mtego kwa anayekodi mitambo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wenye biashara wengi hulijua likiwa limekwisha kuwafika, nalo ni sheria inayotawala ukodishaji wa mitambo baina ya biashara na biashara, hasa karatasi moja fupi iitwayo hati ya makabidhiano. Kuhusu mikopo, riba na dhamana tunasoma kila wiki. Ukodishaji huachwa pembeni kana kwamba ni jambo jepesi, mtu anakodi, analipa, na muda ukiisha anarudisha alichokodi. Nami niliamini hivyo mpaka siku niliposoma kwa makini mkataba niliokuwa nimekwisha kuutia saini.

Miaka kadhaa iliyopita karakana yangu ya uchapaji ilihitaji mashine ya rangi nne. Nilikwenda mwenyewe kwa muuzaji, nikaichagua, nikapatana naye bei, kisha kampuni ya ukodishaji ikainunua kwa jina lake na kunikodisha kwa miezi 36. Siku ilipoletwa, fundi wa muuzaji aliiwasha, ikazunguka, zikatoka karatasi chache za majaribio, naye akanipa kalamu. Hati aliyoniwekea mezani ilikuwa na sentensi tatu tu, na ya pili yake ilisema kwamba nimeikagua mashine, nimeiona inafaa kwa kazi niliyoikusudia, na naipokea bila sharti lolote. Nilitia saini kwa sababu gari lilikuwa likisubiri langoni, na kwa sababu nilidhani karatasi ile inathibitisha tu kwamba mzigo umefika.

Wiki ya pili tulianza kuchapa kazi ndefu, na hapo rangi ya buluu ikaanza kuhama. Karatasi za kwanza zilikuwa safi. Kwenye karatasi ya mia tano hivi kila herufi ilikuwa na kivuli chembamba kama uzi upande wa kulia, na kufikia ya elfu mbili, mashine ikiwa imeshika moto, kivuli kile kilikuwa kinene kama ukingo wa ukucha. Mteja aliirudisha kazi yote. Niliiandikia kampuni ya ukodishaji kwamba nasimamisha malipo hadi mashine itengenezwe au ibadilishwe, nayo ikanijibu kwa adabu kamili kwamba kodi inaendelea kudaiwa kila mwezi, na kwamba malalamiko ya ubora niyapeleke kwa aliyeiuza. Nilipokwenda kwa aliyeiuza niliambiwa kwamba mnunuzi wake ni kampuni ya ukodishaji, si mimi, na kwamba hana mkataba nami. Nilizungushwa kati ya milango hiyo miwili hadi muuzaji akafunga biashara. Kodi ya miezi 36 niliilipa yote, kwa mashine niliyoweza kuitumia kwa kazi za rangi moja tu.

Silaumu kwamba nilidaiwa haki ambayo mkataba ulimpa mkodishaji. Ninachotaka kueleza ni haki hiyo imetoka wapi, kwa nini ipo, na mahali ambapo, kwa maoni yangu, sheria imemwacha mkodi peke yake.

Ukodishaji wa mitambo una sura mbili zisizofanana, ingawa zote huitwa kwa jina moja. Kuna ule wa kawaida, ambapo mwenye mali ananunua mitambo kwa hesabu yake, anaitunza, anaikodisha kwa huyu miezi sita na kwa yule miezi mitatu, na anabeba mwenyewe hasara ya kuchakaa kwake. Kuna na ule wa kifedha, ambao wengine huuita karadha, ambapo watu ni watatu: mkodi anayechagua mtambo na muuzaji wake, muuzaji anayeuleta, na mkodishaji anayetoa fedha na kuandikwa kuwa ndiye mwenye mali. Kodi hupangwa ili katika muda wa mkataba irudishe bei yote ya mtambo, au sehemu yake kubwa, pamoja na faida ya fedha iliyotolewa. Mkodishaji wa aina hii huenda asiuone mtambo huo kwa macho yake tangu unatoka kiwandani hadi unauzwa chakavu.

Ndani ya mkataba wa namna hii huwamo kifungu ambacho kwa Kiswahili kingestahili kuitwa kifungu cha liwalo na liwe. Kinasema kwamba mkodi atalipa kila kodi kwa tarehe yake, mtambo ukifanya kazi usifanye, ukiungua usiungue, na kwamba hataruhusiwa kukata chochote kwa sababu ya dai lolote alilonalo dhidi ya mkodishaji, muuzaji au mtu mwingine. Anayekisoma kwa mara ya kwanza hudhani ni ukali wa mwanasheria mmoja aliyependelea mteja wake. Sivyo. Kifungu hicho kimekubaliwa na sheria katika nchi nyingi. Kanuni ya Pamoja ya Biashara ya Marekani, katika sehemu yake ya 2A iliyotungwa mwaka 1987 na kurekebishwa mwaka 1990, inasema kwenye kifungu cha 2A-407 kwamba katika ukodishaji wa kifedha usiokuwa wa mlaji wa kawaida, ahadi za mkodi haziwezi kutenguliwa tena na zinasimama peke yake mara tu anapoipokea mali. Sheria ya Mfano ya Ukodishaji ya UNIDROIT (taasisi ya kimataifa inayooanisha sheria za nchi mbalimbali), iliyopitishwa Roma Novemba 2008 ili nchi zinazotunga sheria zao ziwe na pa kuanzia, inafuata njia hiyohiyo.

Sababu ya sheria kukubali jambo zito kiasi hiki ni ya haki, na ingekuwa si uungwana kuificha. Mkodishaji hakuchagua mtambo, hakuusifia, wala hana ujuzi wa kupima kama rola zake zimekaa sawa. Yeye mwenyewe mara nyingi amekopa fedha alizonunulia, na aliyemkopesha amekubali kwa kuutegemea mfululizo wa kodi utakaoingia; pengine amekwisha kuhamishiwa haki ya kuzipokea kodi hizo. Ikiwa kila mkodi anaweza kusimamisha malipo kwa kusema mtambo una kasoro, mfululizo huo hauna thamani, na biashara ndogo isiyo na kiwanja cha kuweka rehani haitapata mtambo kabisa, au itaupata kwa kodi ya juu mno. Nakubaliana na hoja hii. Sitaki kifungu cha liwalo na liwe kifutwe.

Lakini tazama sheria hizo zimekitundika kifungu hicho wapi. Hazikukitundika kwenye kusaini mkataba, wala kwenye mtambo kushushwa kwenye gari. Zimekitundika kwenye kupokea, na kupokea katika maana ya sheria ni kitendo chenye masharti yake. Kanuni ya Marekani inaeleza kwamba mkodi huhesabiwa amepokea baada ya kupata nafasi ya kutosha ya kukagua. Sheria ya mfano ya UNIDROIT inataja nayo nafasi hiyo ya ukaguzi. Kabla ya hapo mkodi bado ana nguvu: anaweza kuikataa mali isiyolingana na mapatano. Baada ya hapo, anabaki na njia moja tu ya kweli, nayo ni kumfuata muuzaji. Mstari wote kati ya hali hizi mbili unachorwa na saini moja, na kwa kawaida saini hiyo huombwa na fundi wa muuzaji, yaani mtu ambaye mwajiri wake halipwi na mkodishaji mpaka hati irudi ikiwa imesainiwa. Hapo ndipo ninapoona kasoro. Sheria inasema nafasi ya kutosha ya kukagua, mkataba unasema nimekwisha kukagua, na mbele ya mahakama maneno ya mtu mzima aliyetia saini huwa na uzito mkubwa kuliko maelezo yake ya baadaye kwamba alitia saini kwa haraka, bila kuikagua mashine.

Marekani iliona jambo hili kwa kiwango kikubwa. Kampuni iliyoitwa NorVergence iliwauzia maelfu ya wafanyabiashara wadogo, makanisa na mashirika huduma za simu na intaneti kwa ahadi ya kupunguza gharama, lakini mkataba waliotia saini ulikuwa wa kukodi kisanduku cha vifaa kwa miaka mingi, kwa kodi iliyozidi mno thamani ya kisanduku chenyewe. Mikataba hiyo ikauzwa haraka kwa kampuni za fedha. Mwaka 2004 NorVergence ilifilisika na huduma ikakatika, lakini madai ya kodi hayakukatika, kwa kuwa wenye mikataba walikuwa na kifungu cha liwalo na liwe mikononi. Ilibidi Tume ya Shirikisho ya Biashara na wanasheria wakuu wa majimbo waingilie kati ndipo wengi wapunguziwe madeni. Watu hao hawakuwa wajinga. Walikuwa na biashara zao, na sheria iliwatazama kama watu wanaojua wanachosaini, kwa sababu kinga nyingi zilizowekwa kwa ajili ya mlaji wa kawaida haziwafikii walionunua au kukodi kwa ajili ya biashara.

Dhana hiyo, kwamba biashara na biashara ni sawa na kwa hiyo ziachwe zipatane zenyewe, ndiyo mzizi wa tatizo. Fundi cherehani mwenye wasaidizi watatu ni biashara. Kampuni ya ukodishaji yenye idara ya sheria ni biashara pia. Mkataba wanaosaini umeandikwa na mmoja wao, umechapwa kabla hawajaonana, na yule mwingine hapewi nafasi ya kubadilisha hata nukta.

Kwa upande wa muuzaji, dawa imekwisha kuandikwa muda mrefu. Mkataba wa Kimataifa wa UNIDROIT kuhusu ukodishaji wa kifedha, uliotiwa saini Ottawa mwaka 1988 na kuanza kutumika mwaka 1995, unatamka katika ibara ya 10 kwamba wajibu wa muuzaji chini ya mkataba wa mauzo unamhusu pia mkodi, kana kwamba mkodi naye alikuwa upande katika mkataba huo na mtambo umeletwa kwake moja kwa moja. Kwa maneno mengine, jibu nililopewa, kwamba sikuwa mnunuzi, lisingesimama. Ibara ya 8 inamwondolea mkodishaji lawama ya ubora wa mtambo, isipokuwa pale mkodi alipopata hasara kwa kutegemea ujuzi wa mkodishaji na kuingilia kwake katika uchaguzi. Ibara ya 12 inamruhusu mkodi kuzuia kodi pale mtambo usipoletwa, ukichelewa au ukiwa hauendani na mkataba wa mauzo, hadi mkodishaji arekebishe kasoro hiyo. Huo ndio mzani: mkodishaji anaondolewa mzigo wa ubora, na mkodi anapewa mlango wa kumwendea muuzaji. Ukiondoa kimoja ukabakiza kingine, mzani umevunjika.

Tatizo ni kwamba mkataba huo wa Ottawa unahusu ukodishaji unaovuka mipaka ya nchi, si ule wa ndani ya nchi moja, na nchi zilizojiunga nao ni chache. Zaidi ya hayo, wahusika wanaruhusiwa kubadilisha sehemu kubwa ya masharti yake kwa makubaliano. Makubaliano hayo tunajua yanavyopatikana: kwa kusaini fomu iliyokwisha kuchapwa. Kwa hiyo mkodi asiyekuwa na sheria ya nchi inayompa haki dhidi ya muuzaji anapaswa kuhakikisha kwamba mkataba wenyewe unamhamishia dhamana zote za muuzaji na haki ya kumshtaki muuzaji huyo kwa jina lake mwenyewe mkodi. Ni sentensi mbili tu. Katika mkataba wangu hazikuwamo, nami sikujua nizitafute.

Kuna jambo la pili ambalo haki yake inategemea neno moja, nalo ni kuchelewa kulipa. Mwaka 1986 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya mtu aliyekodi kompyuta kwa miaka 5, kwa malipo ya kila robo mwaka ya pauni 584.05. Malipo ya sita yalipochelewa kwa wiki sita, mkodishaji alivunja mkataba, akaichukua kompyuta na kuiuza kwa pauni 172.88, kisha akadai fidia ya kodi zote zilizobaki. Majaji hawakupendezwa na matokeo, lakini mkataba ulitamka kwamba kulipa kwa wakati ni sharti la msingi, na kwa neno hilo pekee kuchelewa mara moja kukawa ni kuuvunja mkataba wote. Mkodishaji akashinda. Linganisha na ibara ya 13 ya mkataba wa Ottawa, ambayo inataka ukiukaji uwe mzito, inamtaka mkodishaji ampe mkodi nafasi ya kurekebisha pale inapowezekana, haimruhusu kuuvunja mkataba na papo hapo kudai kodi zote za mbele kama deni lililoiva, na inamnyima fidia ya hasara ambayo angeweza kuipunguza kwa juhudi za kawaida. Tofauti kati ya njia hizi mbili inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya biashara kuyumba mwezi mmoja na biashara kufungwa.

Wenye mali nao wana hatari yao, na nitaitaja kwa kifupi. Mkataba unaoitwa wa kukodi, lakini unaompa mkodi haki ya kuuchukua mtambo mwishoni kwa bei ya jina tu, katika nchi nyingi huhesabiwa kuwa ni mkopo wenye dhamana; kifungu cha 1-203 cha kanuni ya Marekani kimeeleza vipimo vyake kwa kirefu. Mkodishaji asiyesajili haki yake katika mfumo wa namna hiyo anaweza kumkuta mfilisi amekwisha kuuhesabu mtambo kuwa ni mali ya mkodi aliyefilisika, naye akapangwa foleni na wadai wengine. Jina lililoandikwa juu ya karatasi halimwokoi.

Narudi kwenye hati ya makabidhiano, kwa kuwa ndiyo iliyonisukuma kuandika. Naomba wanaotunga na kurekebisha sheria za ukodishaji wafikirie mambo haya. Hati ya kuthibitisha kwamba mtambo umefika itenganishwe na hati ya kuthibitisha kwamba mtambo unafaa, na hii ya pili isihesabiwe kuwa imekamilika kabla ya siku za majaribio zilizotajwa kwa idadi, mtambo ukiwa katika kazi yake halisi. Kasoro nyingi za mitambo hazionekani ikiwa baridi: kompresa hupoteza nguvu baada ya saa kadhaa, jenereta huyumba inapobebeshwa mzigo kamili, na mashine ya kuchapa huhamisha rangi ikishapata joto. Ukaguzi wa dakika 20 si nafasi ya kutosha kwa kipimo chochote cha akili. Pia haki ya mkodi dhidi ya muuzaji iandikwe ndani ya sheria na isiweze kuondolewa na fomu, angalau pale ambapo mkodishaji naye amejiondolea dhamana ya ubora. Na kifungu cha liwalo na liwe kiandikwe juu ya sehemu ya saini, kwa lugha ambayo mkodi anaitumia kazini mwake kila siku, badala ya kufichwa kwenye ukurasa wa tisa kwa herufi zisizosomeka bila miwani.

Wakodishaji watasema kwamba siku za majaribio zitachelewesha malipo kwa wauzaji na kupandisha gharama. Zitachelewesha, ndiyo, kwa siku chache. Lakini muuzaji ambaye malipo yake yanategemea mtambo kufanya kazi kwa wiki nzima atatuma fundi anayejua kazi, na mkodishaji atakuwa na mteja anayelipa kodi kutokana na kazi za mashine, si kutokana na akiba ya watoto wake.

Kwa wenzangu mnaojiandaa kukodi, someni hati ya makabidhiano kabla ya kusoma mkataba, kwa kuwa ndiyo itakayowekwa mezani siku mtakapokuwa na haraka. Mwezi uliopita nilianza mazungumzo ya kukodi mashine nyingine, ya kukata karatasi. Niliomba siku 14 za majaribio kabla ya kusaini hati hiyo, na niliomba dhamana za muuzaji zihamishiwe kwangu kwa maandishi. Mkodishaji amekubali siku 7, na kuhusu dhamana amesema atawauliza wanasheria wake. Ninamsubiri, na kalamu bado iko mfukoni.

Wako katika ujenzi wa biashara zenye haki,

Mwenye karakana ya uchapaji